Barua Niliyoijua Peke Yangu

Ndugu msomaji, mimi ni karani wa masijala. Kazi hii nimeifanya mjini Tarime kwa miaka mingi, na nilipoianza hakukuwa na kompyuta hata moja katika ofisi yetu. Barua ikija niliipiga mhuri wa tarehe, nikaiandika katika daftari la barua zinazoingia, nikaipa namba, nikaitia katika jalada lake, kisha jalada likapelekwa kwa mkubwa anayehusika, naye akatia sahihi kuwa amelipokea. Akilikawiza, nilimfuata. Maadui zetu walikuwa wawili tu, mchwa na panya, wala baridi ya Tarime haikumzuia hata mmoja wao kufanya kazi yake.

Katika mpango ule mlikuwa na jambo ambalo wakati huo sikulithamini. Barua haikuwa ya mtu. Ikishapigwa mhuri ilikuwa ya ofisi, na aliyetaka kuchana ukurasa, hata angekuwa mkurugenzi mwenyewe, namba zilizofuatana zingemsema.

Zilipokuja barua pepe mambo yakageuka. Kila mtu akawa na sanduku lake na ufunguo wake, akifuta alichotaka na kuacha alichotaka. Mtu akiacha kazi, barua zake zilikufa pamoja na kompyuta yake. Mteja akija na kusema, "Ninyi mliniahidi bei hii," hatukuwa na la kumjibu, maana aliyeahidi alikwisha hamia Mwanza. Nami nikabaki masijala kama mlinzi wa ghala lisilo na mahindi.

Kampuni niliyokuwa nikiitumikia sitaitaja. Yatosha kusema kwamba ilikuwa ikipeleka unga, maharage, majani ya chai, mafuta na mablanketi kwa wanunuzi wakubwa wa wilaya hizi mbili, yaani upande wa machimbo huku Tarime na upande wa kambi za watalii kule Serengeti. Makao yetu yalikuwa Tarime mjini, na tawi letu lilikuwa Mugumu. Wanunuzi wa namna hiyo wana wenye hisa ng'ambo, na huko ng'ambo wana sheria zinazowafuata hadi huku. Marekani ina sheria yake ya mwaka 1977 juu ya kuwahonga maofisa wa nchi nyingine, na Uingereza ina yake ya mwaka 2010. Sheria ile ya Marekani ina sehemu mbili, na watu wengi huijua moja tu. Ya kwanza yakataza kutoa rushwa. Ya pili yaitaka kampuni iandike vitabu vyake kwa kweli, ili fedha iliyotoka kwa jambo moja isiandikwe kwa jina la jambo jingine. Nakuomba, msomaji, uishike hiyo sehemu ya pili, kwa sababu ndiyo iliyonipata mimi.

Basi wanunuzi wakatuletea sharti katika mkataba: asiyehifadhi barua zake zote na kuzionyesha mkaguzi atakapozitaka, hatapewa kazi. Wakubwa wetu walinung'unika, wakasema hayo ni mambo ya Wazungu. Mimi niliwajibu kwamba si ya Wazungu tu. Hapa petu Mahakama Kuu, kitengo cha biashara, ilikwisha fungua mlango mwaka 2000, Jaji Nsekela alipokubali kumbukumbu za benki zilizotoka katika kompyuta zipokewe kama ushahidi. Na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, yasema wazi kwamba ujumbe wa kompyuta haukataliwi mahakamani kwa kuwa tu ni wa kompyuta. Litakaloulizwa ni namna ulivyotunzwa, na kama haukuguswa tangu ulipoandikwa. Mkusanya kodi naye ataka hati zetu za miaka 5. Kisha nikawakumbusha wanakijiji wa Nyamongo. Mwaka 2013 baadhi yao waliishitaki kampuni yenye mgodi wa North Mara katika mahakama ya London, juu ya watu waliouawa na kujeruhiwa mgodini, na mwaka 2015 pande mbili zikapatana nje ya mahakama. Katika mahakama za kule kila upande hutakiwa kumwonyesha mwenziwe nyaraka zinazohusu ugomvi, hata zile zinazomwumiza yeye mwenyewe, na barua pepe zimo katika nyaraka hizo. Nani katika sisi alidhani kwamba maneno yanayoandikwa Tarime yaweza kutakiwa mbele ya hakimu wa London?

Wakanunua hifadhi. Nami nikapelekwa kujifunza, nikiwa mzee kuliko wote darasani.

Hifadhi hiyo hufanya kazi hivi. Barua ikitumwa au ikiingia, nakala yake huchukuliwa palepale kabla mtu hajaigusa, ikawekwa mahali pasipofutika. Wewe waweza kuifuta katika sanduku lako mara mia, nakala ingali ipo. Kila nakala hupewa alama iliyopigwa kwa hesabu kutokana na maneno yake, mfano wa alama ya kidole gumba, hata ukibadilisha nukta moja alama hubadilika na udanganyifu ukajulikana. Maneno yote ya barua, na ya viambatisho vyake, huandikwa katika faharasa kubwa, ili utafutapo neno mashine isisome upya barua zote. Kila barua ina muda wake wa kukaa, nasi tulipanga miaka 7, kisha hufutwa yenyewe. Ila ukitokea uchunguzi, zile zinazohusika huwekewa zuio, na muda wake husimama mpaka zuio liondolewe kwa maandishi. Jambo la mwisho nililofundishwa, nami sikulizingatia sana siku ile, ni kwamba mashine huandika pia jina la kila anayetafuta, neno alilolitafuta, siku na saa.

Niliipenda kazi ile, sitaficha. Nilijiona masijala yangu imefufuka. Mwalimu wetu alitueleza jinsi makampuni 5 ya kuuza hisa Marekani yalivyotozwa faini, Desemba 2002, jumla ya dola milioni 8.25, si kwa kuiba bali kwa kutohifadhi barua pepe zao kama sheria ilivyotaka. Alitueleza na habari za Enron, ile kampuni ya nishati iliyoanguka Desemba 2001, na wakaguzi wake wa hesabu walioteketeza nyaraka. Lakini habari ya Enron ina mkia ambao mwalimu aliupitia haraka. Mwaka 2003 tume ya Marekani inayosimamia nishati ilizitoa hadharani barua za wafanyakazi wa kampuni ile. Baadaye fungu la barua kama 500,000 za watu kama 150 likawa likitumiwa vyuoni na wataalamu wa kompyuta kwa majaribio yao. Ndani yake mlikuwa na mambo ya biashara, na mlikuwa pia na barua za watu kwa wake zao na waume zao, na habari zao za nyumbani. Baadhi yao hawakuwa na kosa lolote.

Mwezi wa Agosti 2021 mnunuzi mmoja alitutumia mkaguzi. Alikuwa kijana mpole kutoka mjini, mwenye heshima, akaniamkia, "Shikamoo mzee," kisha akanipa karatasi ya maneno ya kutafuta. Maneno ya Kiingereza yalijaza ukurasa mzima. Ya Kiswahili yalikuwa machache: rushwa, hongo, kitu kidogo, chai, asante, lipa.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa sijaona mtu akiliandika jambo hili. Mashine zile zilitungwa na watu ambao neno katika lugha yao hubadilika mkiani. Ukiandika mwanzo wa neno, mashine hukuletea kila mkia. Kiswahili hubadilika kichwani. Tafuta "lipa," nawe hutapata "nimemlipa," wala "tutawalipa," wala "wamelipwa." Mwenye kuandika kwa lugha safi hupita salama kwa sababu ya sarufi tu! Tena watu wetu hawaandiki Kiswahili peke yake. Huchanganya Kikuria na Kijaluo huku Tarime, na Kingoreme na Kiikoma kule Serengeti, wala karatasi ya yule kijana haikuwa na neno hata moja la lugha hizo. Kwa upande wa pili, neno "chai" lilituletea maelfu ya barua, maana, kama nilivyokwisha kusema, sisi tulikuwa tukiuza majani ya chai.

Mkaguzi alichagua zile ambazo ndani yake chai inanywewa, akaacha zile ambazo inauzwa. Miongoni mwa alizozichagua ilikuwa barua ya Aprili 2018, ya mama aliyekuwa mtunza stoo wetu wa Mugumu. Ilisema: "Vijana wa darajani wamekunywa chai, gari limepita." Chini yake palikuwa na hati ya malipo ya shilingi 45,000, katika kasma ya jikoni.

Soma maneno hayo kama mgeni, ndugu yangu. Nani angeyasoma vingine? Kijana akaandika katika taarifa yake kwamba waliokuwa zamu darajani walihongwa ili gari letu lipite. Siku ya Alhamisi yule mama akapewa barua ya kusimamishwa kazi kupisha uchunguzi.

Mimi nilijua mambo yalivyokuwa. Ile ilikuwa masika. Lori letu lilitoka Tarime likapita Nyamwaga na Nyamongo, na kabla ya kuufikia Mto Mara likazama katika tope hadi ekseli. Lililala hapo usiku mmoja na unga wa watu. Mtunza stoo alikodi pikipiki kutoka Mugumu, akakusanya vijana wa kijiji cha karibu, wakashusha magunia, wakachimba, wakalisukuma, wakapakia tena. Hakukuwa na ofisa yeyote. Fedha ile ilikuwa ujira wa jasho.

Kwa nini basi aliandika chai? Aliandika chai kwa sababu mimi nilimwambia. Wakati ule nilikuwa nikikaimu nafasi ya mkuu wa utawala, na kasma ya vibarua ilikuwa imekwisha tangu Machi. Kuomba nyongeza kulitaka maelezo marefu. Nikamwandikia mstari mmoja: "La vijana litoe katika kasma ya jikoni, ile nyingine imekwisha." Hapana chai katika mstari ule, wala asante, wala lipa. Karatasi ya mkaguzi isingeuona hata angetafuta mwaka mzima. Katika ulimwengu huu ni watu wawili tu waliojua kwamba barua ile ipo, na mmoja wao alikuwa amesimamishwa kazi, sanduku lake limefungwa, hawezi kuifikia.

Jumatatu jioni, watu walipokwisha kwenda zao, niliitafuta. Ilitokea mara moja, na jina langu juu yake. Nilitazama mahali ambapo katika sanduku la kawaida pangekuwa na alama ya kufuta. Hapakuwa na kitu. Wallahi nilipatazama. Nikafunga kompyuta nikaenda nyumbani.

Nikakaa siku nne. Ningependa kusema kwamba nilikuwa nikifikiri, lakini nilikuwa nikihesabu: miaka iliyobaki kabla ya kustaafu, ada ya mwanangu chuoni, jinsi nitakavyoonekana mimi niliyewahubiria wengine juu ya kumbukumbu safi. Nilijiambia kwamba mkaguzi hakuniuliza juu ya barua hiyo, na kazi yangu ni kutoa nilichoulizwa. Nilijiambia kwamba yule mama anaendelea kupata mshahara wakati wa uchunguzi, kwa hiyo hadhuriki.

Alikuwa akidhurika, nami nilikuwa nikiona kwa macho yangu. Katika furushi alilopewa mkaguzi ilikuwemo barua nyingine ya mama yule. Alikuwa amemwandikia dada yake kwa sanduku la kazi, juu ya mtoto wake aliyelazwa hospitali Mwanza, akisema kwamba hata fedha ya chai hana. Mashine iliona neno "chai" ikaileta, nami sikuitoa. Ugonjwa wa mtoto ulikuwa umetajwa humo kwa jina lake. Wanaume watatu waliisoma mezani, na mmoja wao akasema, "Unaona, alikuwa na shida ya fedha." Barua ya mama kwa ndugu yake ikageuzwa ushahidi wa tamaa.

Ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja niliyekuwa nikisali naye, nikamweleza bila kutaja majina. Katika dini yetu kuna amri ya kuandika madeni na kuweka mashahidi, na kuna katazo la kupeleleza siri za watu. Nilitaka anipimie lipi kubwa. Hakunipimia. Aliniuliza, "Hiyo barua yako wewe, nani ameisoma?" Nikasema, hapana. Akasema, "Na ya mtoto wake?" Nikanyamaza.

Ijumaa asubuhi niliichapa barua yangu, nikaipeleka kwa mkaguzi pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja. Aliisoma mara mbili. Kisha akauliza swali ambalo sikulitazamia, kwa upole uleule: "Mzee, daftari la mashine linaonyesha uliitafuta Jumatatu saa 12 na dakika 40 jioni. Hizi siku nne ilikuwa wapi?"

Sikuwa na la kumjibu ila kweli, nayo ilikuwa ya aibu. Aliiandika.

Nilipewa onyo la maandishi kwa kuagiza malipo yaandikwe katika kasma isiyo yake, na onyo la pili kwa kuchelewesha ushahidi. Kukaimu kukaishia hapo. Naona adhabu ilikuwa ya haki, na kwa kosa la pili ilikuwa ndogo. Wako wenzangu waliosema kwamba shilingi 45,000 si kitu. Lakini kasma inayodanganya kwa vibarua ndiyo hiyohiyo itakayodanganya kwa hongo, na mkaguzi hana njia ya kuzitofautisha. Nilimfundisha yule mama kuandika maneno ambayo mwizi angeyaandika.

Yeye alirudishwa kazini baada ya siku 23. Hakuna aliyemwomba radhi kwa barua ya mtoto, maana katika taarifa haikuwa kosa la mtu.

Baada ya hapo niliandika mapendekezo, na mengi yalikubaliwa. Hakuna kutafuta bila swali lililoandikwa, lenye tarehe zake na majina ya masanduku yake. Anayesoma awe anaijua lugha ya walioandika, tena asiwe ndiye anayechunguzwa, kama nilivyokuwa mimi pasipo mtu kujua. Barua ya nyumbani ikitambulikana, ifungwe palepale na isiingie katika furushi. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo yataka habari za mtu zikusanywe kwa kusudi linalojulikana na zisikawizwe kupita haja. Katiba yetu, ibara ya 16, ilikwisha taja zamani faragha ya mawasiliano ya mtu. Maneno hayo yote yalikuwako nchini siku tulipokaa mezani na barua ile, au yalikuwa njiani yakija. Sisi hatukuyangoja wala hatukuyatafuta.

Yule mama hakusema nami kwa muda mrefu, ila salamu. Nilipokwenda Mugumu kwa kazi alinipa kiti, akaniletea chai ya maziwa, akarudi kwenye hesabu zake. Siku moja, nadhani ni mwaka wa tatu tangu mambo yale, alinisindikiza hadi kwenye gari.

"Baba," akasema, "nina swali. Ile barua niliyomwandikia dada yangu, ingali imo?"

"Imo, mama."

"Mpaka lini?"

Nilipiga hesabu mbele yake. Miaka 7 tangu Aprili 2018 ni Aprili 2025. Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa tarehe ya hospitali. Mtoto, aliniambia, sasa yuko kidato cha pili, ni mzima, wala hajui kama ugonjwa wake ulisomwa na watu.

Aprili 2025 ikafika. Nilifungua hifadhi kuona zilizofutwa, nikakuta za mwezi ule zote zimekwenda isipokuwa furushi moja. Nilikuwa nimesahau. Zilizoguswa na uchunguzi ziliwekewa zuio mwaka 2021, na aliyeliweka zuio lile, kwa mkono wake, nilikuwa mimi. Haliondoki ila kwa barua ya mkurugenzi.

Nimeiandika hiyo barua ya kuomba, nikaieleza sababu, nikaipiga mhuri wa tarehe kwa mazoea ya zamani. Imekwisha kuwa mara ya tatu sasa. Jibu la kwanza lilisema jambo linashughulikiwa. La pili halikuja. Jumatatu natakiwa Mugumu tena kuhesabu stoo, na najua nitakaloulizwa.